Daftari la Muzee wa Foni

Hakukubali jambo lolote kabla ya kukurudishia maneno yako. Ukimwambia, “Muzee, kesho tuanze saa mbili,” alikutazama juu ya miwani yake, akakusomea kama anayesoma barua ya mtu mwingine: “Kesho. Saa mbili. Tuanze. Ni vile?” Ukijibu kwamba ni vile, ndipo alipochukua kalamu. Wageni walidhani ana shida ya masikio. Mimi nilikaa mbele yake miaka minne, meza yangu ikitazamana na yake katika ofisi ya vyumba viwili hapa Goma, na najua kwamba alisikia hata panya akipita juu ya dari. Mwanzoni tabia hiyo ilinichekesha. Kisha nikaiiga. Kisha siku moja nikaiacha, na madhara ya siku hiyo hayakunipata mimi. Yalimpata yeye, na mama mmoja wa Lac Vert, pembeni mwa mji.

Jina lake silitaji. Tulimwita Muzee wa Foni. Foni ni ile redio ya masafa marefu ambayo parokia, mashamba makubwa na wafanyabiashara waliitumia kuongea kabla ya simu za mkononi. Kwa miaka mingi alikaa nyuma ya foni ya depo moja, ghala la mazao, akipitisha ujumbe kati ya Butembo na Goma: lori limekwama, maharagwe yamefika, baba amefariki, bibi harusi amekataa. Simu zilipoingia, foni zikafa. Akaomba apewe ile ya depo isitupwe, akaipeleka nyumbani kwake, kisha akaenda kujifunza kompyuta katika umri ambao rafiki zake walikuwa wanatafuta kiti cha kupumzikia. Akafundisha informatique, somo la kompyuta, kwenye institut moja, shule ya sekondari. Shirika letu lilipomchukua, lilimpa kazi ya kutunza mashine. Mimi nilikuwa mwandishi wa programu. Cheo changu kilikuwa na maneno mengi zaidi kuliko chake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwarudisha watoto kwa wazazi. Watu wanapokimbia kijiji kwa haraka, mtoto anashika mkono wa jirani, jirani anapanda gari lingine, na jioni mama yuko Lac Vert, mtoto yuko Rutshuru, na hakuna anayejua habari za mwenzake. Tulikuwa na wajitolea sehemu zote hizo, wengine njiani karibu na Rumangabo. Walituma ujumbe kwa simu: huyu amepatikana, huyu anatafutwa. Mashine zetu tano zilitakiwa kuzikutanisha habari hizo mbili.

Programu ilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa ya ujumbe. Humo kila mtoto alikuwa na mfanyakazi wake mdogo ndani ya mashine, asiyeonekana, mwenye sanduku lake la barua. Mfanyakazi huyo alifungua barua moja, akaimaliza, ndipo akafungua nyingine. Hakugusa faili la mwenzake. Akitaka kitu kwa mwenzake, alimwandikia. Juu yao kulikuwa na mkubwa wao, ambaye kazi yake ilikuwa kumwinua aliyeanguka. Nusu ya pili ilikuwa ya hesabu kubwa. Hiyo haikujali barua moja moja. Ilisubiri zirundikane, ikaligawa rundo kwa mashine zote tano, kila mashine ikalinganisha sehemu yake, majina, umri, kijiji, kovu la gotini, halafu majibu yakakusanywa mahali pamoja. Nusu ya kwanza iliishi kwa sekunde, ya pili kwa saa. Mimi niliajiriwa kuziunganisha.

Siku niliyomweleza nusu ya kwanza nilikuwa nimejiandaa na michoro sita. Aliutazama wa kwanza, akaweka mkono juu ya mingine.

“Hii ni foni,” akasema.

“Si kabisa, Muzee. Hii ni…”

“Kila station iko na operateri wake. Kila operateri na kaye yake, daftari yake. Mutu mumoja anasema, wengine wanangoja. Hakuna mwenye anaingia mu station ya mwenzake kumushikia kalamu. Operateri akianguka, mukubwa anaweka mwingine. Ni vile?”

“Ni vile.”

“Sasa makaratasi yote hii ulikuwa unanisumbua nayo ya nini?”

Nusu ya pili alinieleza yeye, nyumbani kwake, Jumamosi moja ambayo akina mama wa parokia walikuwa wanachagua maharagwe ya harusi. Walikaa kwenye ua, kila mmoja na ungo wake, na mke wa Muzee alikuwa anachota kwenye gunia na kuwamiminia. Kila mmoja alitoa mawe yake bila kumuuliza jirani, kisha maharagwe safi yakaenda kwenye sufuria moja. Muzee alisimama mlangoni akatazama kwa muda mrefu, mpaka mke wake akamwuliza kama amekuja kusaidia au kupiga picha.

“Enjenia,” akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, nusu kwa heshima na nusu kwa kunichokoza. “Ni wapi maharagi inaangukia chini?”

Nikatazama. Chini ya nyungo palikuwa safi. Maharagwe yaliyomwagika yalikuwa yote katikati, kati ya gunia na nyungo, chini ya mikono ya mke wake.

“Pale pa kumimina,” nikasema.

“Pale pa kumimina. Na ule mwenye kumimina, mu biro, mu ofisi yetu, ni weye.”

Mke wake akasema kama tunataka kuhesabu maharagwe yake yaliyoanguka, tuiname na kuyaokota kabisa. Tukainama, tukayaokota.

Daftari lake lilikuwa la mistari, la kawaida, la duka lolote la karibu na shule. Alilichora safu kwa rula: saa, anayetuma, anayetumiwa, maneno, halafu safu mbili nyembamba za mwisho. Moja aliiandika Imefika. Ya pili aliiandika Imefanyika. Ya kwanza aliijaza pale tu mpokeaji aliporudisha maneno yote, si kabla. Ya pili aliijaza siku nyingine, pengine baada ya mwezi, pengine hakuijaza kamwe. Alikuwa ameyahifadhi madaftari ya tangu enzi za depo. Mara moja alinifungulia moja na kunionyesha mstari: mtu wa Butembo anamwita ndugu yake wa Goma aje wazike pamoja. Imefika, saa nne asubuhi. Safu ya pili ilikuwa tupu.

“Hakuenda?” nikauliza.

“Hakuenda.”

“Sasa hii yote ilisaidia nini?”

“Ilisaidia asiseme hakusikia.”

Akimaliza ujumbe mmoja alisema neno moja, “Ingine,” akashusha kalamu kwenye mstari unaofuata. Alisema hivyo kwenye foni, alisema hivyo darasani, na mke wake aliniambia kwamba alisema hivyo hata akiwa na homa kali, usingizini.

Alikuwa na kasoro zake, na mtu asidhani namchora malaika. Aliyedai kila mtu ajibu hakupokea simu yake mwenyewe. Ilikaa kwenye droo ikilia mpaka ikachoka. Alifika mkutanoni amechelewa kila mara, kwa sababu hakupanda pikipiki, alitembea kwa miguu juu ya mawe ya volkano na viatu vyake vya ngozi, akisimama kuwasalimu watu wote aliowahi kuwafundisha, na alikuwa amefundisha nusu ya mtaa. Alikuwa bahili wa sifa. Kazi nzuri kabisa niliyoifanya katika miaka minne aliisifu kwa kusema, “Sioni kitu.”

Na alikuwa na kinyume kimoja ambacho sikukielewa kwa wakati wake. Katika programu ile, mfanyakazi mdogo akikosea hatibiwi. Anaachwa aanguke, na mkubwa wake anamwinua akiwa msafi, bila kumbukumbu ya kosa. Muzee aliipenda sana kanuni hiyo. Mimi nilikuwa na kawaida ya kuandika mistari mingi ya tahadhari ili mfanyakazi asianguke, naye aliifuta. “Wacha aanguke,” aliniambia. “Unamushikilia ya nini? Akianguka tutajua iko na shida.” Lakini kwa binadamu hakuweza. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani alimwita nyumbani kumfundisha tena bure. Mlinzi wetu aliposinzia mlangoni na mkuu wa ofisi akatokea, Muzee alijitia kumwita mlinzi kwa sauti kubwa kama aliyekuwa anaongea naye muda wote. Mashine aliiacha ianguke. Mtu alimwekea mkono chini.

Alhamisi ilikuwa siku ya akina mama. Walitoka Lac Vert na pengine kwa miguu, wakapanga foleni ukumbini kuuliza kama kuna habari. Si kazi ya mtunza mashine kuongea nao, lakini wao walikwenda mezani kwake, kwa sababu mezani kwake walisikilizwa. Aliwarudishia maneno yao, na aliwadai nao warudishe yake. “Nimesema hakuna habari mupaka leo, na utarudi juma ijayo. Rudisha.” Na mama alirudisha: hakuna habari mpaka leo, nitarudi juma lijalo.

Mmoja wao alikuwa Mama Neema. Neema alikuwa mtoto wa miaka sita aliyeachana naye njiani. Mama Neema alikuwa na ulimi mwepesi hata katika shida. “Huyu muzee anafikiri siye ni mashine,” aliwaambia wenzake kwenye foleni. “Siku ingine atanichomeka mu umeme.” Wenzake walicheka, Muzee hakucheka, lakini nilimwona akikaza midomo. Kila Alhamisi Mama Neema alimletea Muzee fungu la lengalenga, mchicha wa kwetu, lililofungwa kwa nyuzi za mgomba. Muzee alilipokea kwa mikono miwili na kuliandika kwenye daftari.

Sasa nafika kwenye mstari wangu.

Kwenye skrini kubwa ya ofisi, kila ujumbe ulikuwa na alama. Rangi ya chungwa ilisema unasubiri, kijani ilisema umefika. Kwa jinsi nilivyounganisha nusu zile mbili hapo mwanzo, alama haikugeuka kijani mpaka ujumbe uandikwe kwenye rundo la hesabu kubwa, na rundo hilo liliandikwa mara moja kwa saa. Kwa hiyo skrini ilikuwa ya chungwa karibu muda wote. Wageni waliotoa fedha walikuwa wanakuja. Mkuu wa ofisi alisimama nyuma ya kiti changu akasema wageni hawapendi kuona vitu vinavyosubiri, akauliza kama hakuna njia ya kuharakisha. Njia ya kuharakisha haikuwepo. Ilikuwepo njia ya kuonekana kama tumeharakisha. Nilihamisha mstari mmoja wa programu, ili ujumbe ujibiwe “imefika” mara tu unapoingia kwenye sanduku la barua la mfanyakazi, kabla haujamiminwa kwenye rundo. Skrini ikawa kijani yote. Wageni wakapiga picha.

Muzee alirudi mezani, akaitazama skrini hiyo.

“Ju ya nini zote ziko kijani?”

“Tumeongeza kasi, Muzee.”

“Mumeongeza kasi. Ni vile?”

Nilisema ni vile. Hilo ndilo nililomjibu, na aliliandika.

Niliwaza kuurudisha mstari ule wageni wakishaondoka. Nilisahau kwa siku mbili, na siku ya tatu tulikuwa tumeizoea skrini ya kijani. Wakati huohuo mkuu wa ofisi alitaka tuache jambo lingine, jambo ambalo Muzee alikuwa amelileta kutoka enzi za foni. Lilikuwa kusomeana. Kila mwisho wa mwezi operateri wa kila kituo walisomeana madaftari, mstari kwa mstari, huyu alichotuma na yule alichopokea, mpaka yalingane. Muzee alikuwa amewafundisha wajitolea wetu wote kuweka daftari na kumsomea kwa simu. Ilichukua siku mbili nzima na unite nyingi za salio la simu. Mkuu wa ofisi aliniuliza maoni yangu mbele ya Muzee. Nilisema mashine inakumbuka vizuri kuliko daftari. Muzee alirudisha maneno hayo pia, polepole, akayaandika. Kusomeana kukaachwa.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika mchana, na jenereta ilichelewa kuwaka. Uliporudi, Muzee aliwasha mashine, kama ilivyokuwa kazi yake. Wafanyakazi wadogo waliinuka wote, wasafi, kama ilivyotakiwa. Na masanduku yao ya barua yalikuwa matupu. Kilichokuwa ndani yake wakati umeme unakatika, ambacho kilikuwa kimeshajibiwa “imefika” na hakijamiminwa popote, kilikwisha. Hakuna alama iliyobaki ya chungwa kutuambia. Huko Rutshuru mjitolea wetu, mkulima mmoja mtulivu, alikuwa ametuma siku hiyo kwamba msichana wa miaka sita, Neema, kovu kwenye kidevu, yuko kwa bibi mmoja karibu na soko. Simu yake ikamjibu: imefika. Akashukuru Mungu, akaendelea na shamba lake.

Miezi mitano Mama Neema alikuja kila Alhamisi. Miezi mitano Muzee alimwambia hakuna habari, na akamdai arudishe.

Ni yeye aliyegundua. Hakuwa ameambiwa kitu. Hakupenda tu kukaa bila kusomeana. Aliomba ruhusa ya siku tatu, akasema anakwenda kwenye kilio, akapanda minibus hadi Rutshuru akiwa na daftari kwenye mfuko wa plastiki. Sijui kama palikuwa na kilio. Alikaa na yule mkulima barazani kwake, wakasomeana. Mjitolea baadaye alinisimulia kwamba walipofika mstari ule, yeye akasoma na Muzee hakujibu. Akasoma tena. Muzee aligeuza ukurasa, akaurudisha, akapitisha kidole chini mpaka mwisho wa karatasi. Kisha akauliza, “Huyu mutoto eko wapi sasa?” Wakaenda kwa miguu, wakamkuta anaosha sahani.

Nilikuwepo siku Neema alipoletwa ofisini. Mama yake alipiga magoti ukumbini na kufungua mikono. Mtoto alijificha nyuma ya mguu wa mkulima yule, akamtazama mama yake kama watoto wanavyomtazama mwalimu mpya, kisha akamsalimu, “Bonjour, madame.” Hayo ndiyo maneno ninayoyasikia nikifunga macho. Miezi mitano kwa mtoto wa miaka sita ni mingi.

Mkutano ulifanyika siku iliyofuata. Tulikuwa watatu mezani. Mkuu wa ofisi alikuwa na kumbukumbu ya mashine iliyoonyesha saa umeme ulipokatika na saa mashine zilipowashwa.

“Nani aliwasha?” akauliza.

“Ni miye,” Muzee akasema.

“Ulikagua masanduku kabla ya kuwasha?”

“Umeme ulirudi, nikawasha.”

“Kwa hiyo ujumbe ulipotea mikononi mwako.”

Muzee aligeuka kwenye kiti chake. Akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, kwa namna ileile aliyokuwa akinitazama kila siku akingoja nirudishe. Nilijua kwamba alikuwa amekwisha kusoma programu. Alikuwa anaisoma usiku na mchana kuliko mimi niliyeiandika. Mstari uliohamishwa ulikuwa na jina langu na saa yake kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, kwa yeyote atakayeifungua. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Niliiangalia skrini.

“Umesema ujumbe ulipotea mu mikono yangu,” Muzee akamwambia mkuu. “Nimesikia.”

Ripoti iliandikwa kwamba lilikuwa kosa la mtunza mashine. Mkataba wake haukuendelea. Alasiri ile, watu wote walipokwisha kutoka, niliurudisha mstari ule mahali pake. Ilinichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Skrini ikawa ya chungwa, na kesho yake hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nimejitafutia sababu nyingi tangu hapo, lakini hii moja haiondoki: niliirekebisha mashine siku ileile, kwa hiyo nilijua.

Alhamisi yake ya mwisho alikuja kuchukua vitu vyake. Mama Neema alikuwa ukumbini, amekuja kutia alama ya kidole kwenye karatasi za mtoto. Ofisi ilikuwa imemwambia kilichotokea, kwa jinsi ripoti ilivyosema. Alisimama mbele ya Muzee mlangoni.

“Muzee, kila juma ulinirudishia maneno yangu. Kumbe ya mutoto wangu uliikalia.”

“Umesema ya mutoto wako niliikalia. Ni vile?”

“Ni vile.”

Aliweka sanduku lake chini, akatoa daftari, akaandika akiwa amesimama. Kisha akatoka. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale, nimeshika waya ambao haukuhitaji kushikwa.

Mwaka ulipita. Nilisikia habari zake kidogo kidogo: kwamba anatengeneza redio za watu, kwamba pale sokoni wauza mboga wa Lac Vert hawamwiti tena, kwamba anapita bila kusimama kusalimu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa nyumbani. Jumapili moja, baada ya misa ya pili, nilinunua kilo mbili za sukari nikaenda.

Alikuwa kwenye chumba cha mbele, foni ya zamani kando yake imefunikwa kitambaa cha kushonwa. Mke wake alinipokea sukari, akaniletea chai na karanga za kuchemsha, akatuacha. Muzee alinitazama juu ya miwani.

“Enjenia. Umekuja na mesaji ao umekuja kunywa chai?”

“Nimekuja na ujumbe.”

Akafungua daftari. Akaandika saa. Akaandika jina langu. Akangoja.

Nikasema yote. Nilisema skrini, wageni, mstari, jibu la uongo nililompa, kusomeana, mkutano, na kwamba niliurudisha mstari alasiri ileile. Nilijitahidi kusema kwa utaratibu. Alipoona nimenyamaza, alinirudishia yote bila kupunguza, kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo mwaka mzima na nilidhani nayajua. Sikuyajua mpaka niliposikia mtu mwingine akiyasoma.

“Ni vile?”

“Ni vile, Muzee. Ulikuwa unajua?”

“Nilijua siku ile nilitoka Rutshuru.”

“Kwa nini hukusema?”

“Haikuwa mesaji yangu. Mutu hatumi mesaji ya mwenzake.” Kalamu yake ilikuwa bado kwenye safu ya tatu, ya anayetumiwa, ambayo hakuwa ameijaza. “Na hii umeileta kwa nani?”

“Kwako.”

“Miye niko relais tu. Hii inapita hapa. Inaenda kwa nani?”

Nilielewa, na nilijaribu kukwepa. Nilisema nitaanzia ofisini, nitamwandikia mkuu, jina lake lisafishwe.

“Biro ni mesaji ingine,” akasema. “Moja moja. Hii ni ya nani?”

“Ya Mama Neema.”

Akaiandika. Kisha akanitajia namba ya simu, tarakimu kwa tarakimu, bila kufungua ukurasa wowote. Nilipiga kwa simu yangu, kwa sababu ya kwake ilikuwa kwenye droo, kama kawaida. Mama Neema alipopokea, nilisikia watoto wakicheza nyuma yake, na mmoja wao akiimba.

“Mama Neema, ni mimi wa ofisini, niliyekuwa nakaa mbele ya Muzee wa Foni.”

“Nakusikia.”

Nikamwambia. Ilikuwa fupi kuliko nilivyomwambia Muzee, kwa sababu hakuhitaji kujua masanduku wala marundo. Nilipomaliza nilidhani amekata. Nilitoa simu sikioni nikaitazama, ilikuwa bado inahesabu. Kisha akaanza, polepole, kama alivyozoezwa Alhamisi baada ya Alhamisi:

“Umesema ni weye ulifanya mashine iseme imefika, na ilikuwa haiyafika. Umesema Muzee hakujua siku ile. Umesema walipomufukuza ulikuwa pale, ukanyamaza. Ni vile?”

“Ni vile, Mama.”

“Nimesikia.”

Simu ikakatika.

Muzee alitazama saa ya mkononi. Kwenye safu ya kwanza kati ya zile mbili nyembamba aliandika: Imefika, saa saba na dakika kumi. Kalamu ikasogea mpaka kwenye safu ya mwisho, ikakaa juu yake bila kugusa karatasi. Nilimwona akiifikiria. Kisha akaiacha tupu, akashuka mstari mmoja chini, akaandika saa, akaandika tena jina langu, na kwenye safu ya tatu akaandika: mkuu wa ofisi.

Akaniinulia macho.

“Ingine,” akasema.